Vichwa vya Bwana Salama

Mume wa mdogo wangu ana jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani kwetu hakuna anayelitumia. Tunamwita Bwana Salama. Jina hilo alilipatia sokoni, kwa sababu kila alipoulizwa habari za samaki wa mto wetu alijibu neno hilo moja tu, akatoa leso, akajifuta paji la uso, akaenda zake. Wauza samaki walimpenda kwa jibu hilo. Mimi sikumpenda tangu siku alipokuja kujitambulisha nyumbani, akakipangusa kiti cha mama kwa leso hiyohiyo kabla ya kukikalia. Mama, Mungu amrehemu, alisema huo ni usafi. Mimi nikasema ni nyodo, na mpaka anaingia kaburini tulikuwa hatujakubaliana.

Simpendi, basi, na sifichi. Lakini kutompenda mtu si kumsingizia, na haya nitakayoyasema ameyatenda mwenyewe, kwa mikono yake iliyooshwa kwa sabuni.

Ni mtu mrefu, mwembamba, wa suruali zilizopigwa pasi mpaka mstari umesimama. Akitembea huruka vidimbwi hata wakati wa kiangazi. Ugomvi haujui. Ukimkanyaga, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Majirani zake wakifungulia muziki mpaka vioo vinatetemeka, hujiziba masikio kwa pamba, na asubuhi huwasalimu kwa kicheko. Watu huuita upole. Mimi niliolewa na mpole, marehemu mume wangu, na najua mpole ni yule mwenye neno la kusema akalizuia. Huyu neno lenyewe hana. Hata siku ya posa aliyesema ni mjomba wake, tangu mwanzo hadi mwisho, yeye akawa anatazama ncha za viatu vyake.

Na ubahili wake sasa! Mkono wa birika ni huo. Nyumbani kwake njiti ya kiberiti iliyowasha jiko haitupwi, hutunzwa ihamishe moto kwenda kwenye taa. Sabuni ikibaki ganda, hubandikwa juu ya sabuni mpya. Nimemwona akisimama mbele ya pipa la taka na kiatu kilichotoboka mkononi, anashindwa kukiachia, anakigeuza na kukigeuza, mwisho akarudi nacho ndani.

Kazi yake ni kupima samaki. Mto wetu, kabla haujafika kwetu, unapita ubavuni mwa kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi iliyomo ndani. Si risasi ya bunduki; ni madini yenyewe, mazito, ya kijivu, ambayo yakishaingia mwilini hayana haraka ya kutoka. Huharibu damu, huwadumaza watoto akili, na kwa mwanamke mwenye mimba au anayenyonyesha ni balaa, maana humfikia mtoto. Watu walipoanza kunung'unika, ofisi ya maji ikatafuta mpimaji, ikampata yeye. Anayetaka mbwa asiyebweka hahangaiki sana kutafuta.

Nimemwona akifanya kazi, maana nilikuwa nikipita kule maabara ya ofisi hiyo kumpa ujumbe wa mkewe. Chumba chake ni cha mwisho kwenye korido. Kina sinki mbili, jokofu ambalo mlango wake umefungwa kwa kamba, na mashine moja anayoifunika shuka. Humlaza kambare juu ya ubao mweupe, akamchuna ngozi, akakata kipande cha mnofu nyuma ya kichwa, kipande safi kisicho na mfupa wala damu. Hukipima kwenye mizani, akakisaga, akakitia tindikali na kukichemsha mpaka kikawa maji. Maji hayo huyapeleka kwenye mashine, na mashine husema risasi iliyomo ni kidogo, haidhuru. Basi, samaki ni salama. Samaki aliyebaki, yaani kichwa, mifupa, maini na utumbo, huingia kwenye ndoo ya bluu chini ya meza.

Sasa muulize mtu yeyote hapa kwetu ni nani anayekula minofu. Minofu hukatwa palepale kando ya mto, ikapangwa kwenye barafu, ikaondoka na malori kwenda kwa watu wasiopenda kusumbuliwa na miiba. Kinachobaki kwetu ni mgongo na kichwa. Tunavikaanga, tunavichemsha, tunavifyonza mpaka mfupa unalia. Mimi watoto wangu nimewalea kwa supu ya vichwa; kibanda changu cha kuuzia supu kiko mkabala na lango la kiwanda cha mbao, na mafundi wakitoka kula mchana hukuta sufuria inatokota. Bwana Salama amezaliwa hapahapa, na vichwa amevifyonza tangu ana meno mawili. Lakini akishavaa lile koti jeupe, kichwa kwake hakiwi tena chakula cha watu. Kinakuwa uchafu wa ndoo.

Uchafu, lakini si wa kutupwa. Angeutupaje yule? Kila siku ya kupima alirudi nyumbani na ndoo imefunikwa gazeti, na mdogo wangu akapika. Hakujua sokoni kichwa kinauzwaje tangu alipoolewa.

Mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu. Nilimbeba mgongoni wakati mimi mwenyewe sijakua. Alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili. Ya kwanza alilia. Ya pili hakulia, alikaa uani akifua nguo zilizokwisha kufuliwa, na ukimwambia pumzika anakuuliza apumzike na nini. Iliposhika ya tatu hatukuthubutu hata kuitaja. Tulisema tu "ile hali." Nilimwomba Mungu kitu kimoja, kwamba mtoto huyu afike, na mengine yote nikayaweka kando.

Hapo lazima nimpe Bwana Salama haki yake, hata kama ulimi wangu unagoma. Alimpenda mkewe. Alimchotea maji, alimfulia, alimkanda miguu iliyovimba, lile limwanamume refu limepiga magoti sakafuni. Na kwa kuihofia mimba hiyo, siku moja, akiwa peke yake maabara, aliokota kichwa kutoka kwenye ndoo, akakisaga chote pamoja na mifupa na yale mashavu mekundu ambayo samaki hupumulia, akakipima. Kisha akapima maini. Haya niliyajua baadaye. Niliyoyaona kwa macho yangu wakati ule ni kwamba alikuja kibandani kwangu amebeba ndoo.

"Shemeji, habari za kazi."

"Nzuri. Leo umepotea njia?"

"Nimekuletea vichwa. Vibichi kabisa, vya leo."

"Na mkeo atapika nini?"

"Sisi tumevichoka kidogo." Akatoa leso. "Chukua tu, shemeji. Wala sitaki kitu."

Bahili akitoa bure, mwenye akili huuliza kuna nini. Mimi nikashukuru. Nikaipokea ndoo kwa mikono miwili, nikawatangazia mafundi kwamba shemeji yangu ameokoka, wakacheka, wakala. Wanangu nao wakala. Ikawa kila akipima, ndoo inakuja kwangu, na mimi nikaanza kumsalimu kwa sauti laini mpaka watoto wakaniuliza kama naumwa.

Mimba ilikua. Ilipofika mahali ambapo tumbo linatangulia kuingia mlangoni, nilikwenda kumwona mdogo wangu nikiwa na bakuli la supu, kichwa kikubwa cha kambare kimekaa katikati, macho juu. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Aliponusa tu akarudi nyuma.

"Dada, nimekatazwa."

"Na nani? Daktari?"

"Na mume wangu."

"Huyo kasomea uzazi lini?"

Akautazama mlango, kisha akatazama mchele. "Amesema vina risasi. Vichwa, mifupa na maini. Minofu ndiyo ina nafuu. Alipima mwenyewe. Dada, tafadhali, usimwambie nimekuambia, ataipoteza kazi."

Bakuli lilikuwa bado mkononi mwangu, na la moto. "Hivi anavyoniletea mimi ndivyo hivyo hivyo?"

Akazidi kuchambua mchele.

"Nakuuliza wewe."

"Nilidhani unawapa kuku," akasema kwa sauti ndogo.

Sina kuku. Sijawahi kufuga kuku maisha yangu yote, na mdogo wangu anaijua nyumba yangu mpaka chini ya uvungu. Nilitaka kumwuliza ni kuku gani hao, lakini alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, na ile hasira yote nikaona afadhali nikaitue kwa mwenyewe. Nilimwaga supu kwenye karo, nikavuta viatu, nikaenda ofisi ya maji bila hata kufunga kilemba vizuri.

Nilimkuta na koti lake jeupe, kambare ubaoni. Nikafunga mlango.

"Kwa hiyo watoto wangu ndio pipa lako la taka," nikamwambia.

Alielewa mara moja. Sifa moja ninayompa ni kwamba hakujitia hamnazo. Aliweka kisu chini, akakilaza sambamba na ubao, akanawa mikono.

"Shemeji, utaratibu wa kupima unataka minofu. Kichwa hakimo kwenye utaratibu. Mimi nilipima kwa... kwa udadisi tu. Siwezi kutangaza kitu ambacho sikutumwa kukipima."

"Mkeo ulimtangazia."

"Yule ana mimba."

"Na mimi nina watoto watatu! Na wale mafundi wa mbao wana watoto! Hapa mtaani hakuna mimba nyingine ila ya mkeo?"

"Nikisema, soko litafungwa. Wauza samaki watanila nyama. Mkubwa wangu ataniuliza nani kanituma. Shemeji, wewe hujui maofisi."

"Haya, ulinyamaza kwa sababu ya maofisi. Na ndoo ulinileteaje? Nani wa ofisini alikuambia uniletee mimi ndoo?"

Hapo alijifuta uso muda mrefu sana. Nilidhani atasema alisahau, au hakufikiri, uongo wowote wa kibinadamu ambao ningeweza kuondoka nao.

"Nilitaka kuvitupa," akasema. "Nikaona ni hasara."

Nimetukanwa na walevi, nimedhulumiwa na wenye nyumba, lakini sijawahi kusikia neno lililonikausha mdomo namna ile. Nilifungua mlango nikatoka.

Siku iliyofuata sikupika vichwa. Nilipika maharage, na mafundi walipouliza nikawaambia ukweli wote: kichwa kina risasi, maini yana risasi, shemeji yangu amepima, na amemkataza mkewe asile. Wakaangua kicheko. Fundi mkuu wao akaniambia, "Mama Supu, wewe na shemeji yako mna yenu. Mwaka mzima unamsema, mara viatu, mara leso. Leo umeamua kumwekea na sumu?" Nilikwenda kando ya mto, nikawaambia wauza samaki. Hao hawakucheka, walinitazama kwa jicho baya na kuniuliza nimelipwa na muuza kuku gani. Nikaona jinsi nilivyojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Miaka yote hiyo nimemdharau yule mtu hadharani kwa mambo madogo, na sasa nina kubwa, hakuna anayelitofautisha na yale ya leso.

Hata hivyo mnong'ono hauhitaji kuaminiwa ili utembee. Ulifika kwa wenye malori, wakaanza kuja kwa kusitasita, na wauza samaki wakaenda ofisi ya maji kulalamika. Mkubwa wa ofisi, mwanamama mwenye simu mbili na subira ndogo, akaitisha mkutano pale kwenye banda la soko. Akaagiza mpimaji aje aseme mwenyewe, tena aje na mkewe, ili watu waone kwamba hata nyumbani kwake samaki wanaliwa.

Mdogo wangu aliketishwa benchi la mbele, amevaa gauni pana la maua, tumbo limejaa mapajani. Hakunitazama. Bwana Salama alisimama karibu na mizani ya soko, akasema samaki wa mto huu wamepimwa, wanapimwa, na wataendelea kupimwa, na kwamba ni salama. Watu wakapiga makofi. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma saa ukutani.

Nikatoka nyuma na sufuria kichwani. Nilikuwa nimenunua vichwa asubuhi ileile kwa wauza samaki walewale, na nimevipika vizuri kuliko siku zote, maini yanaelea juu. Niliitua sufuria mbele yake, nikapakua bakuli likajaa.

"Shemeji, umesema maneno mengi, koo limekauka. Karibu supu. Kichwa cha kambare, na maini yake."

Nilikuwa na uhakika, ninakuambia. Nilimjua kuwa mwoga, na mwoga hali sumu anayoijua. Angesingizia tumbo, angesema amefunga, angetafuta mlango, na watu wangeona kwa macho yao kile walichokataa kusikia kwa masikio. Nilisimama na upawa mkononi nikisubiri akimbie.

Alilipokea bakuli, akasema ahsante, akala.

Alikula maini kwanza. Kisha akakishika kichwa kwa vidole, akakipasua, akafyonza mashavu, akafyonza macho, akatafuna mifupa laini ya shingo, jasho linamtoka na leso iko mfukoni. Hakuacha kitu. Mimi nilifikiri namjua mwoga, kumbe nilikuwa namjua nusu. Huyu alikuwa tayari kumeza risasi mbele ya watu mia kuliko kusema sentensi moja isiyowapendeza. Alipoinamisha bakuli kunywa mchuzi, banda lililipuka kwa vigelegele. Wauza samaki walicheza. Mtu mmoja alinipigapiga begani akaniambia nisijali, ndugu ni ndugu, yataisha. Watoto walikuwa wamekwisha kuizunguka sufuria yangu, na mwenyekiti wa wauza samaki, mama mnene mwenye furaha zake, akaninyang'anya upawa akaanza kupakua.

"Na mama kijacho apewe!" akapaaza sauti. "Mke wa mpimaji apewe wa kwanza, mtoto azaliwe na nguvu!"

Wote wakaitikia. Bakuli likapita mkono kwa mkono mpaka benchi la mbele, likatua mapajani mwa mdogo wangu, chini ya lile tumbo.

Alimtazama mumewe. Sijawahi kumwona mtu akimtazama mwingine namna ile. Hakuwa na hasira, alikuwa anangoja tu. Alikuwa anampa nafasi. Na Bwana Salama, ambaye alimkanda miguu akiwa amepiga magoti, ambaye alisaga kichwa cha samaki kwa sababu ya mtoto huyu, alimtazama mkubwa wake wa ofisi, akawatazama wauza samaki, akajilamba midomo.

"Kula, mke wangu," akasema. "Kidogo tu."

Mdogo wangu aliliweka bakuli chini sakafuni. Alijishika kwenye benchi akainuka, na kwa sababu ya uzito ilichukua muda, na katika muda huo kelele zikafa zenyewe.

"Amenikataza," akasema. "Vichwa, mifupa na maini. Alivipima, akavikuta na risasi nyingi, akanikataza nyumbani. Anayosema dada yangu ni kweli. Mimi nilijua."

Mkubwa wa ofisi alisimama akaketi tena. Mwenyekiti wa wauza samaki bado alikuwa ameinua upawa, mchuzi unamchuruzika kwenye kiwiko. Bwana Salama alianza kusema kuhusu minofu, kwamba yeye alisema minofu, kwamba hakuna aliyemuuliza kuhusu kichwa, na hakuna aliyemsikiliza. Watoto waliokuwa na mabakuli wakaanza kunyang'anywa na mama zao, mmoja mmoja, bila maneno. Nilidhani nitafurahi. Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja kumwona amevuliwa nguo mbele ya watu, na ilipofika sikumtazama hata mara moja.

Karibu na nguzo alikuwa amekaa mke wa yule fundi mkuu wa mbao, ambaye naye alikunywa supu yangu kila siku, ananyonyesha. Yeye ndiye aliyeuliza, na hakumuuliza Bwana Salama. Alimuuliza mdogo wangu.

"Alikukataza tangu lini?"

Mdogo wangu akaweka mkono juu ya tumbo.

"Tangu mimba ina miezi mitatu."

Kila mtu pale ndani akalitazama lile tumbo, lilivyokuwa kubwa. Yule mama akalitazama kuliko wote. Kisha akamwondoa mtoto kwenye titi, akalifunika kwa kanga, akamshika mtoto magotini, mbali na kifua. Mtoto akaanza kulia, akitafuta. Hakumrudisha.